Sura ya Sita: Sahani ya Saa Saba

Kila mwaka Arusha hupokea watu waliokuja kusoma. Wapo wa wiki chache, kama wanaojifunza Kiswahili MS-TCDC pale Usa River, kituo kilichoanzishwa mwaka 1967 na shirika la Denmark ili kuwaandaa watu wake wa kujitolea. Wapo wa miaka miwili na zaidi: Waganda, Wanyarwanda, Warundi, Wakenya na Waethiopia wanaosomea shahada za uzamili na uzamivu katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Tengeru, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011. Iko ESAMI inayowanoa mameneja wa serikali za mashariki na kusini mwa Afrika, kiko Chuo cha Uhasibu pale Njiro, na vyuo vikuu vya madhehebu vya Makumira na Usa River. Mgeni wa namna hii hupangiwa mambo mengi kabla hajapanda gari: ada, viza, bima, chumba, ratiba ya vipindi. Jambo moja huachiwa mazoea, nalo ni wapi atakula mchana. Kwa kawaida mazoea humpeleka kantini. Hoja ya sura hii ni kwamba suala hilo ni la kitaaluma kama yalivyo mengine kwenye orodha, na kwamba anayesoma Arusha akala milo yake yote ya mchana ndani ya uzio wa chuo ameruka somo ambalo hakuna mhadhiri wa kumfidia.

Kwa nini mchana na si jioni? Kwa sababu jioni mtu hula kwake au hula kwa starehe. Anayekwenda kwenye nyama choma usiku ametoka kwa hiari, ana aliyetaka kukaa naye, na mfuko umemruhusu. Asubuhi nayo ni ya mbio: chai na chapati, au bakuli la supu, mguu mmoja uko njiani. Mchana ndio mlo ambao mtu mzima wa mji huu hulazimika kuula nje kwa sababu nyumbani ni mbali. Fundi wa magari aliyepanga Muriet, karani anayetokea Ngaramtoni, muuza duka wa Usa River, hawana namna ya kupanda daladala saa saba, kula kwao na kuwahi kazini saa nane. Basi jiko la nyumbani likahamia kando ya kazi, na aliyelihamisha ni mama lishe. Anachopika si cha maonyesho. Ni kile ambacho mteja angekikuta kwake, na mteja huyo atarudi kesho na keshokutwa. Akikuta wali umeungua mara mbili, benchi la jirani liko hatua kumi mbele. Huko Ulaya mambo hayako mbali sana na haya. Mwanafunzi wa Erasmus, mpango wa kubadilishana wanafunzi ulioanza mwaka 1987, akipelekwa Bologna atakuta mkahawa wa chuo, na nje ya geti atakuta migahawa midogo inayowauzia mafundi na makarani mlo wa mchana wa bei moja. Akishauriwa atoke akale nje, hakuna atakayeshangaa, maana chakula cha Italia kimesifiwa dunia nzima. Makande ya Sanawari hayana wakili, ndiyo maana sura hii imeandikwa.

Arusha ina desturi ndefu ya kupokea wageni na kuwaweka pembeni. Kuanzia mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliwaweka Tengeru wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto waliopitia Urusi na Uajemi. Walikuwa na shule zao, kanisa lao na hospitali yao, mji mdogo wa Kipolandi chini ya Mlima Meru. Makaburi yao yapo mpaka leo jirani na chuo cha mifugo. Watoto waliosoma pale walikulia mlimani bila sababu kubwa ya kuketi na Wameru waliowazunguka. Baadaye ikaja zamu ya wajumbe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliutangaza mji, kisha kikajengwa Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994, ilifanya kazi humo hadi mwisho wa 2015. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini hapa Novemba 1999, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ina makao yake hapa. Juu ya hao wapo watalii wanaopita kwenda Serengeti na Ngorongoro. Mji ukazoea kuhudumia wageni wa aina mbili, mjumbe na mtalii, na wote wawili hula kwenye bufee. Mwanafunzi hayumo katika kundi lolote kati ya hayo, lakini akifika huwekwa kwenye foleni mojawapo kwa kuwa foleni ya tatu haikuandaliwa. Foleni ya tatu iko kwa mama lishe, ambako jina lake ni mteja, basi.

Tuitazame sahani yenyewe, maana hapo ndipo ushahidi ulipo. Tuanze na ndizi. Meru ni mlima wa volkano wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, na mvua zake huangukia zaidi upande wa kusini na mashariki. Huko udongo ni mweusi na wenye rutuba, na kwa vizazi Wameru wamelima bustani zinazochanganya migomba, kahawa, parachichi na malisho ya ng'ombe wa zizini. Ndizi mshare za huko ndizo zinazoingia kwenye sufuria ya ndizi nyama na kwenye mtori, ambao umeletwa na majirani wa Kilimanjaro. Geuka upande wa kaskazini na magharibi wa mlima huohuo, utakuta ukame: mahindi, maharage na mifugo. Waarusha, wenye lugha ya Kimaasai na jembe mkononi, wanaishi katikati ya dunia hizo mbili, na chakula chao cha loshoro kinasema hivyo bila maelezo: mahindi yaliyokobolewa, ndizi na maziwa ya mgando katika chungu kimoja, shamba na zizi vimekutana. Mwanafunzi wa jiografia anaweza kuchorewa mchoro wa kivuli cha mvua ubaoni akausahau baada ya mtihani. Akishajua kwa nini mama wa Tengeru hakosi ndizi na mama wa Kisongo ana makande siku nyingi zaidi, mchoro ule hautamtoka.

Mchuzi una habari nzito zaidi. Vitunguu vinavyokaangwa Arusha vingi hutoka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi wilayani Karatu, ambako chemchemi zinamwagilia bonde kavu. Mchele mzuri unaotafutwa na wapishi hutoka Magugu, njia ya kwenda Babati, au katika skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini. Dagaa wamesafiri kutoka Ziwa Viktoria. Nyanya, kwa sehemu kubwa, ni za Ngarenanyuki, kaskazini mashariki mwa Meru. Jina hilo halipaswi kumpita mtu aliyekuja kusoma siasa au sheria, tena katika mji wenye mahakama ya haki za binadamu. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu maelfu ya Wameru kutoka hapohapo, Engare Nanyuki kwa tahajia ya zamani, ikachoma nyumba zao ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Mwaka uliofuata Wameru walimtuma Kirilo Japhet mpaka New York kuwasilisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, jambo lililokuwa geni kabisa kwa raia wa kawaida wa Tanganyika, na kesi ile ikawa moja ya mbegu za siasa za kudai uhuru. Hakimu na mwanafunzi wa sheria wanaweza kusoma habari hizo maktabani. Nyanya za ardhi ileile zinapondwa kwenye sufuria umbali wa kutembea kwa miguu kutoka maktaba hiyo, na muuzaji aliyezileta huenda ni mjukuu wa waliochomewa nyumba. Muulize anakotoka, ataeleza.

Lakini hakuna mahali ambapo kantini inachekesha kama Tengeru. Pale, ndani ya kilomita chache, ziko taasisi zinazochunguza karibu kila kilichomo kwenye sahani ya mchana. Kituo cha utafiti wa mazao ya bustani cha Tengeru ndicho kilichotoa nyanya zinazojulikana kwa wakulima kama Tengeru 97. Kituo cha Mboga cha Dunia kimekuwapo tangu mwaka 1992 kikikusanya na kuboresha mbegu za mboga za Kiafrika, zile ambazo wataalamu wa zamani waliziita magugu. Kutokana na kazi hiyo ilitoka mwaka 2011 mbegu ya mnavu iitwayo Nduruma na nyingine iitwayo Olevolosi, majina ya mitaa na vijiji vya hapahapa. Taasisi ya kimataifa ya IITA inafanya kazi ya kuboresha mshare katika kampasi ya Nelson Mandela yenyewe. Chuo hicho kilipopata fedha za Benki ya Dunia za vituo vya umahiri, vituo vyake viwili vilikuwa kimoja cha usalama wa chakula na lishe, kingine cha maji na nishati, na vyote vilitakiwa kuvutia wanafunzi wa nchi jirani. Maana yake ni kwamba mtu ametoka Bujumbura au Kigali kuja kupima madini ya chuma katika mnavu, na mnavu uliopikwa unauzwa nje ya geti. Maabara itampa kiasi cha madini katika gramu mia za majani. Haitamwambia kwamba mpishi humwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchungu, kwamba wateja vijana huukataa mnavu na kuomba kabichi, au kwamba wiki ya kiangazi fungu hupanda bei na mchicha ukachukua nafasi yake. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua kama mbegu bora italiwa au itabaki kwenye ripoti, na yote yanaonekana kwenye benchi kabla sahani haijaisha.

Halafu kuna lugha. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kukaa darasani saa nne akijibu maswali ambayo mwalimu anajua majibu yake. Kwa mama lishe mambo ni mengine. Anauliza, "Leo kuna nini?" na jibu linakuja kwa pumzi moja: wali, ugali, ndizi; nyama, maharage, dagaa; mboga mnavu na figiri; nyama imebaki ya mchuzi, ya kukaanga imekwisha. Nyuma yake wapo watu watatu wenye njaa. Lazima achague, na lazima kabla ya yote awe amesalimia. "Shikamoo, mama" hapo si pambo. Kijana aliyeiruka atapewa chakula, ila "marahaba, mwanangu, karibu" hataisikia, na kipande cha parachichi kinachoongezwa bila kuombwa huenda kwa wale wanaosalimia. Wanafunzi wa Afrika Mashariki wanapata hapo somo ambalo Wazungu hawalihitaji kwa kiwango hichohicho. Mkenya anayesema "nipe wali" kwa nia njema kabisa hugundua kwamba upande huu wa Namanga huombwa: "naomba wali." Mganda, ambaye kwao Kiswahili kwa miaka mingi kilihusishwa na wanajeshi, anakikuta hapa kikiwa lugha ya mama anayeuliza kama ameshiba. Mwaka 2021 wakuu wa nchi waliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Uamuzi ulikuwa mzuri, ingawa lugha rasmi ya vikao haijamfundisha mtu yeyote kuomba ukoko.

Benchi hilo pia ndipo uchumi unapoonekana ukiwa haujavaa tai. Mwanafunzi Mtanzania mwenye mkopo wa serikali hupata fedha ya chakula na malazi, boom, ambayo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Bei ya sahani lazima ikubaliane na mfuko huo, la sivyo mabenchi yote ya karibu na vyuo yangekuwa matupu. Boom ikichelewa, daftari la madeni la mama lishe hunenepa, naye huenda kwa muuza mkaa na muuza mchele kuomba asubiriwe. Mgeni anayelipa kwa simu na kuondoka hatakosa kuona daftari likifunguliwa kwa aliye nyuma yake. Akisoma fedha au maendeleo ya jamii, ameona mnyororo wa mikopo usio na benki, unaoshikiliwa na sura za watu na kumbukumbu. Hapa kuna wanaokopeshwa na wasiokopeshwa, na kanuni ya kutofautisha haijaandikwa popote.

Pingamizi la kwanza huwa la afya, nalo ni la haki. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi, na jambo la kwanza ambalo viongozi walifanya sehemu nyingi ni kuzuia uuzaji wa vyakula barabarani. Homa ya matumbo haijatoweka. Hata hivyo pingamizi hili likichunguzwa linaelekea upande usiotarajiwa. Vijidudu vya magonjwa hayo hufa kwenye maji yanayochemka, na makande huchemka saa nyingi. Hatari imo kwenye vitu ambavyo havikuona moto: kachumbari, matunda yaliyokatwa mapema, juisi, maji ya kunywa ya jagi, na imo kwenye chakula kilichopoa kikakaa. Kibanda chenye wateja wengi humaliza sufuria kati ya saa sita na saa nane. Bufee ya ukumbi, kwa upande wake, huweza kukaa juu ya moto hafifu tangu wajumbe walipotoka kikaoni mpaka wa mwisho amalize hotuba yake, katika joto lile hasa linalopendwa na bakteria. Sisemi vibanda vyote ni safi. Vingine havifai, na mwenye macho atavikimbia: visivyo na maji ya bomba au ya ndoo ya kunawia, vinavyosuuza sahani katika beseni moja tangu asubuhi. Kipimo kizuri ni foleni ya wenyeji na mvuke wa sufuria. Kinywaji kiwe cha chupa au chai ya moto, na kachumbari isubiri mpaka tumbo lizoee.

Lipo jambo la afya ambalo wageni hawalitaji kwa sababu hawalijui, ingawa wenyeji hulibeba mdomoni. Maji ya miamba ya volkano ya Meru yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Chemchemi na visima vingi kuzunguka mlima huu hupita kiwango hicho, vingine mara kadhaa. Kuchemsha hakuiondoi, huizidisha, kwa kuwa maji yanapungua na floraidi inabaki. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande ili yalainike haraka huweza kuongeza nyingine. Je, basi mwanafunzi akae mbali? Kwa mtu mzima wa muhula mmoja au miaka miwili hatari ni ndogo: meno hubadilika rangi kwa floraidi inayoliwa utotoni, wakati yanapoumbika ndani ya fizi, na madhara ya mifupa huja kwa kuinywa miaka mingi. Anayedhurika ni mtoto wa mama lishe anayekula sufuria hiyohiyo tangu kuachishwa ziwa. Mgeni anayejua hivyo anaelewa kwa nini pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, kwa nini mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Nelson Mandela, Askwar Hilonga, alishinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa chujio lake la maji, na kwa nini mji ulihitaji mradi wa maji wa mabilioni ya shilingi. Pingamizi lililokuja kumzuia asile nje limegeuka kuwa sababu nyingine ya kwenda na kuuliza maji ya kupikia yanatoka wapi.

Pingamizi la pili linatoka kwa walimu na waratibu. Kantini, wanasema, ni mahali ambapo Mrundi hukutana na Mkenya, mradi wa utafiti huzaliwa juu ya sahani, na muda hauibiwi na barabara ya Moshi. Nalikubali nusu. Mazungumzo ya wasomi wakila pamoja yana thamani, na anayeishi maabara akisubiri mashine hana saa nzima ya kutembea. Lakini hoja hii inadai siku tano kwa wiki wakati mbili au tatu zingetosha. Isitoshe, watu wa kantini wanafanana mno: umri mmoja, elimu moja, wasiwasi mmoja wa tasnifu. Benchi la nje linamkalisha mtafiti wa mbegu kati ya dereva wa bodaboda na afisa ugani aliyestaafu, na mara nyingi huyo wa mwisho ndiye aliyejaribu mbegu hiyo shambani kabla mtafiti hajazaliwa. Chuo kikitaka utafiti wake uwafikie watu, kingeanza kwa kuwaacha watafiti wake wale na watu.

La tatu ni gumu kuliko yote, na wanaolitoa huwa ni watu wema. Je, mgeni kwenda kula kwa mama lishe si utalii wa umaskini, picha ya sahani ya bati ipelekwe kwenye mtandao? Na wageni wakizidi, bei haitapanda mpaka fundi asukumwe nje? Sehemu ya kwanza inategemea mwenendo. Anayekwenda mara moja na kamera ni mtalii hata kama ana kitambulisho cha chuo. Anayerudi kila Jumanne, akajulikana kuwa hali dagaa na anapenda mchuzi mwingi, amekwisha kuwa mteja. Utu wa mama lishe hauhitaji kuonewa huruma. Ni mfanyabiashara anayeamka saa kumi usiku, anayejua bei ya debe la maharage katika masoko matatu, na mwaka 2018 serikali ilipoanza kuwapa wajasiriamali wadogo vitambulisho kwa shilingi 20,000 yeye alikuwa miongoni mwao. Kinachomvunjia heshima ni kupuuzwa na chuo kilichojengwa mita mia tatu kutoka jikoni kwake. Kuhusu bei, hofu hiyo ina msingi mahali ambapo wageni ni wengi kuliko wenyeji, kama mitaa fulani ya karibu na Mnara wa Saa, ambako tayari kuna menyu za dola. Vibanda vya Tengeru, Njiro na Usa River vinaishi kwa wenyeji. Mgeni mmoja kwenye benchi la watu wanane hawezi kupandisha bei, mradi alipe inayolipwa na wenzake na asijifanye mkarimu kwa kuacha noti kubwa kila siku. Ukarimu wa namna hiyo ndio unaozaa bei mbili.

Kuhusu dini na miiko sina maneno mengi. Nyama ya ng'ombe na mbuzi kwa desturi ya nchi huchinjwa na Mwislamu, na kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, ina vibanda vyake na masufuria yake, kwa hiyo hakuna anayeila kwa bahati mbaya. Asiyekula nyama kabisa atapata wali maharage, makande, mnavu na parachichi kwa bei ndogo kuliko ya mla nyama, jambo ambalo katika miji mingi ya dunia ni ndoto. Anayelalamika kwamba chakula ni kilekile kila siku ana haki, ila amekosea anwani: fundi na karani nao hula kilekile, na tofauti ndogo za Jumatatu na Alhamisi, za masika na kiangazi, huonekana tu kwa aliyekaa muda wa kutosha kuchoshwa nazo.

Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, ili mwanafunzi wa nchi moja asome nyingine bila vikwazo vingi. Walizungumzia mitaala, vyeti na ada, na ilibidi. Vyuo vya Arusha vinaweza kuongeza kitu kimoja kisichohitaji kikao cha mawaziri. Vinavyomtoza mgeni fedha za chakula pamoja na ada vitoe milo miwili ya mchana kwa wiki nje ya malipo hayo, vimrudishie fedha yake, na vimwambie aitumie nje ya geti. Katika wiki ya utambulisho, badala ya ziara ya basi la kuzunguka majengo, wageni wapelekwe gulio la Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi waone debe, fungu na mkungu kabla hawajaviona vimepikwa. Vyuo vilivyo na mabwana afya viwatume kwenye vibanda vya jirani kwa ushauri wa maji na usafi, wasiende kufunga tu. Na kwa mwanafunzi mwenyewe: usisubiri waratibu wakubaliane. Nenda saa sita na nusu, salimia kwanza, uliza kilichopo. Ikifika saa nane ndizi huwa zimekwisha.